Karatasi ya Kutafutia Sifuri

Phoebe Ajwang alipenda kusema kwamba Kangemi nzima, kuanzia barabara kuu mpaka kule mtoni, hakuna mtu wa kumshinda kwa kuchonga alumini. Halafu, kabla hujapata nafasi ya kumsifu, anakwambia mwenyewe kwamba Kangemi nzima mashine ya namna hiyo ni moja, iko chumbani kwake kati ya kitanda na kabati la vyombo, na ufunguo wa chumba anao yeye.

Jumanne moja ya mwezi wa pili alikuwa amemaliza uji. Alisuuza kikombe, akakifunika juu ya kitambaa, akavaa miwani ya kusomea na juu yake miwani ya kukinga macho, kisha akaiwasha mashine. Ilikuwa mashine ndogo ya CNC, ile inayochonga kwa kufuata amri za kompyuta: meza ya chuma isiyozidi sinia la chapati, na juu yake mota inayozungusha kisu chembamba kama penseli. Kompyuta ikisema nenda kushoto, kisu kinaenda kushoto. Ikisema shuka milimita moja, kinashuka milimita moja. Phoebe alisema hajawahi kuishi na kitu kinachosikia hivyo, na alikuwa amezika waume wawili.

Mashine hiyo aliipata kazini. Kwa miaka tisa alipika chai katika karakana moja ya ghorofa ya nne, katikati ya jiji, nyuma ya barabara ya Tom Mboya, mahali ambapo watu wenye mawazo walipeleka mawazo yao yatengenezwe. Mwenye karakana alikuwa Injinia Ndambuki, mwanamume mwenye kimo cha mita moja na sentimita tisini, ambaye alilazimika kuinama kwenye kila mlango na aliinama kama anayewafanyia milango hisani. Phoebe alikuwa ameishia darasa la saba. Lakini mtu aliyebeba sinia la chai haulizwi anaangalia nini, na Phoebe aliangalia miaka yote tisa. Mashine ndogo ilipoanza kutikisika na mafundi wakataka kuitupa, aliiomba. Walicheka, wakampa. Aliibeba nyumbani mgongoni ndani ya blanketi, na majirani wakamuuliza ni mjukuu wa nani.

Ilikuja na magonjwa yake. Skrubu zililegea, unaiambia iende milimita kumi, inaenda tisa na nusu halafu inapumzika. Phoebe akaitia skrubu za gololi alizozipata Kirinyaga Road. Akabadilisha reli. Akaiwekea bamba zito la chuma chini, na kitufe chekundu cha kuizimia haraka alichokitoa kwa wauza vifaa vya umeme wa Luthuli. Kazi hiyo ilimla miaka miwili. Akina mama wengine wa kanisani walikuwa wakibadilisha makochi. Yeye alibadilisha reli. Siku aliyokaza skrubu ya mwisho, mashine ilikuwa haina ulegevu hata wa unywele.

Kitu cha kwanza cha maana alichokichonga kilitokana na mikono yake mwenyewe. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na asubuhi hakuweza kufungua mtungi wa gesi. Hospitali ikampa dawa ya viungo, na dawa ya viungo ilikuwa kwenye chupa ambayo mwenye viungo vibovu hawezi kuifungua. Phoebe aliitazama ile chupa siku mbili kwa chuki. Siku ya tatu alikanda unga wa chapati, akaufinya kwa mkono wake mgonjwa, akapima kila bonde lililoachwa na kila kidole, akaingiza vipimo kwenye kompyuta. Kilichotoka kilikuwa kipande cha alumini ukubwa wa nusu mche wa sabuni, upande mmoja mabonde ya vidole, upande wa pili meno ya ngazi yanayong'ata kifuniko cha ukubwa wowote. Akakiita kishikio. Akafungua dawa, akafungua gesi, na kwa kuwa mkono ulikuwa umechangamka, akafungua na mtungi wa jirani.

Alikipeleka kwa Injinia Ndambuki, maana ndiye msomi aliyemjua. Injinia alikigeuza huku na huku. Akafungua chupa yake ya maji kwa hicho kishikio, akaifunga, akaifungua tena.

"Niachie nikiangalie, Mama Chai," alisema.

Wiki tatu baadaye kilikuwa kwenye televisheni. Kiliitwa Kishikio cha Ndambuki. Injinia alieleza kwamba alikesha akiwaza juu ya mikono ya mama yake mzazi. Wiki iliyofuata Phoebe alipewa barua yenye mhuri, kwenye karatasi nzito ya nembo, iliyotiwa sahihi kwa kalamu ya wino, ikimshukuru kwa huduma na kumjulisha kwamba kuanzia siku hiyo chai itatengenezwa na mtambo. Ilianza kwa maneno "Ndugu Mhudumu". Jina lake halikuwamo popote, mbele wala nyuma. Aliigeuza kuhakikisha.

Basi Jumanne hiyo ya mwezi wa pili, na barua ikiwa na siku nne mezani, Phoebe alitaka kuchonga kishikio kingine kwa ajili ya mama mmoja wa kwaya. Kabla ya kuchonga, mashine lazima ionyeshwe uso wa alumini unaanzia wapi. Mahali hapo mafundi hupaita sifuri, na hutafutwa kwa karatasi. Unalaza kijikaratasi juu ya alumini, unateremsha kisu kidogo kidogo, na huku mkono mwingine unavuta kijikaratasi mbele na nyuma. Kisu kikikinasa, umefika sifuri. Karatasi yoyote hufaa. Phoebe alitumia risiti, alitumia vikaratasi vya ratiba ya ibada. Siku hiyo karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa barua ya Injinia. Alichana kipande cha upana wa kidole, akatafuta sifuri, akakipata, na mashine ikachonga sentimita mbili kwenda chini. Jumatano akafanya vilevile.

Alhamisi mchana binti yake Ivyne alikuja kumwona. Ivyne alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani mbili kwenye kichochoro cha jijini, na wateja wake walikuwa wanaume wa suti.

"Mama, yule Injinia wako ameniletea suruali tano nikunje," alisema, akivua viatu.

"Amekonda?"

"Hajakonda. Amefupika."

"Kiasi gani?"

"Sentimita mbili. Nilikunja jana. Leo amerudi na zile zile, ati nikunje mbili zingine. Nikamwambia Injinia, simama wima. Akaniambia nimesimama."

Phoebe aliviangalia vishikio viwili vilivyokuwa dirishani. Akaiangalia barua iliyokosa vipande viwili. Akamimina chai.

Hakuona ajabu, aliona ni jambo la kiufundi. Mashine iliyolegea haikati hata ilichowekewa. Mashine isiyo na ulegevu kabisa hukata ilichowekewa pamoja na mwenye karatasi. Kilichomtia wasiwasi ni risiti za bucha alizozitumia mwezi mzima, na jioni alipita kumwangalia mwenye bucha. Alikuwa mfupi, lakini alikuwa mfupi tangu zamani, kwa hivyo haikusaidia. Mwisho akakumbuka kwamba risiti hazitiwi sahihi, akarudi nyumbani na moyo mwepesi na robo kilo ya matumbo.

Ijumaa alichukua rula na penseli, akaipiga barua mistari. Ilitoa vipande themanini na saba, kuhesabu na vile viwili. Kila kipande sentimita mbili. Alipiga hesabu pembeni mwa kalenda: Injinia angebaki sentimita kumi na sita, ambayo ni kalamu. Phoebe hakutaka kumfikisha huko. Alitaka abaki na mdomo, kwa sababu kazi ya mdomo ilikuwepo. Aliandika kijibarua, akampa Ivyne akibane kwa pini kwenye kiuno cha suruali mojawapo:

"Sema mbele ya watu: Kishikio hiki kilitengenezwa na Phoebe Ajwang wa Kangemi. Sema hivyo mara moja tu, nami nitazima mashine. Usiposema, mwambie fundi wako anunue mkasi mpya."

"Mama, wacha," Ivyne alisema. "Huyo mtu ako na watoto."

"Watoto wake hawajapungua."

"Na kama hatasema?"

"Atasema. Ni sentensi moja. Hata kasuku angeisema kwa njugu."

Injinia hakuisema. Phoebe akachonga.

Mwezi wa pili ukaisha, wa tatu ukaingia. Kila siku ya kazi, mnamo saa nne, Phoebe alichana kipande, akatafuta sifuri, akachonga kishikio. Vishikio alivigawa. Mama wa kwaya alipata, na dada yake akapata, na akina mama wa Uthiru wakasikia, na wa Waithaka wakaja wamekunja vidole kifuani kama kuku. Walifungua chupa zao papo hapo, mlangoni, wakambariki. Phoebe alizipokea baraka na kuzipanga. Hakuna aliyemuuliza maranda yale yanayong'aa sakafuni yalikuwa ya nini zaidi ya alumini, naye alikuwa akiyafagia kwa kuyasukuma kidogo kwa mguu.

Mjini mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mutiso, dereva wa Injinia, aliongeza mto mmoja kwenye kiti cha nyuma, halafu wa pili, halafu akanunua kiti cha mtoto chenye mikanda. Kamene, mke wa Injinia, nyumbani kwao Spring Valley, alihamisha swichi za taa. Benki walimwomba kitambulisho, wakakiona hakitaji kimo, wakamhudumia. Kanisani walimsogeza mbele ili aone. Askari wa jengo, ambao zamani walimpigia saluti wakiangalia juu, waliendelea kupiga saluti wakiangalia chini, na mmoja wao alisema ni nafuu kwa shingo.

Jambo ambalo Phoebe hakulitazamia lilikuwa hili: watu walianza kumpenda. Mwanamume mrefu akisema ametengeneza kitu kwa ajili ya mikono ya wazee, watu husikiliza nusu. Mwanamume anayefika kiunoni akisema hivyo, watu hulia. Gazeti moja liliandika kwamba katika jiji la watu wanaojikweza, hapa kuna mtu aliyekubali kujishusha. Ivyne alimsomea mamake habari hiyo. Phoebe akamwambia airudie ile sehemu ya kujishusha, kisha akaenda kukaza kibanio.

Jumamosi ya katikati ya mwezi wa nne, akiwa amekwisha kutumia vipande arobaini, alisikia hodi iliyogongwa chini sana mlangoni. Alikuwa Injinia, sentimita mia moja na kumi, amevaa sare ya shule ya binafsi bila nembo. Nyuma yake Mutiso alikuwa amebeba boksi zito.

"Hodi, Mama Chai."

"Karibu, Injinia. Angalia kizingiti cha juu. Ama usikiangalie, utapita tu."

Mutiso alikohoa. Injinia aliketi juu ya kigoda cha jikoni, maana viti vilikuwa virefu, akapokea chai kwa mikono miwili.

"Mama, tuongee kama watu wazima."

"Mimi niko tayari."

"Hicho kitu... wazo lilikuwa lako, sawa. Lakini wazo ni nini? Mimi ndio nimekitoa. Nimekipeleka mbele. Nikisema leo ni cha mtu mwingine, wataniuliza mbona sikusema jana."

"Utawaambia ulikuwa mrefu, hukuniona."

"Naweza kusema kilitengenezwa na timu. Ndani ya timu na wewe uko."

"Timu ina jina?"

"Naweza kuweka chini ya kijitabu, kwa maandishi madogo, shukrani kwa wafanyakazi wote."

"Injinia, si nilikuandikia sentensi? Haina hata maneno magumu. Kishikio hiki kilitengenezwa na Phoebe Ajwang wa Kangemi. Hapa tuko watatu tu. Jaribu."

Injinia alifungua mdomo. Ilikuwa dhahiri kwamba alijaribu. Shingo ilimtoka mishipa. Mutiso alisogea karibu ili asikie vizuri. Kilichotoka kilikuwa "Kishikio hiki", halafu pumzi, halafu akanywa chai.

"Nirudishie basi kimo changu," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nusu tu."

"Mashine hii hupunguza. Ile ya kuongeza ni nyingine, wanayo vijana wa Ngong Road, ya kuchapa vitu tabaka juu ya tabaka, lakini hiyo huongeza kwa plastiki."

Hapo Injinia akamwashiria Mutiso, na Mutiso akafungua boksi. Ndani ya sponji ililala mota mpya ya kuzungushia kisu, ya kupozwa kwa maji, nguvu mara tatu ya ile aliyokuwa nayo Phoebe, imenyamaza kama mtoto aliyeshiba. Phoebe aliweka kikombe chini. Alikuwa ameiona mota kama hiyo kwenye picha tu. Aliushika mhimili kwa vidole viwili, akauzungusha, ukazunguka bila sauti, ukaendelea kuzunguka alipokuwa ameshauachilia.

"Ni yako," alisema Injinia. "Najua macho yako, Mama. Miaka tisa nilikuwa nakuona ukiangalia mashine zangu vile watu wengine huangalia keki. Chukua. Tusahau."

"Kumbe ulikuwa unaniona," alisema Phoebe.

"Tumeelewana?"

"Weka hapo kitandani. Nitafikiria."

Injinia aliondoka akiwa na furaha, akisaidiwa kushuka ngazi. Na hilo ndilo kosa ambalo mhandisi peke yake angeweza kulifanya: alimwona mwanamke amependa mota, akadhani mota ndiyo jibu. Phoebe alifikiria mpaka Jumatatu, kama alivyoahidi. Jumatatu akaifunga mota mpya, akainyoosha kwa saa ya kupimia unyoofu, akaunganisha pampu ya maji na ndoo. Jumanne Injinia alihojiwa redioni kuhusu kishikio, na akasema "mimi na timu yangu". Phoebe akazima redio, akachana kipande, akatafuta sifuri. Kishikio kilichokuwa kikimchukua saa mbili kilikwisha kwa dakika arobaini, na uso wake ulikuwa laini usiohitaji msasa. Ikawa sasa anaweza kuchonga viwili kwa siku na bado awahi mazoezi ya kwaya.

"Sasa sentimita nne kila siku!" Ivyne alilalamika. "Mama, natoa suti nzima kwa mkono mmoja wa koti la zamani. Vifungo sipati. Nimeshona vifungo vya mwanasesere."

"Alikuja hapa mwenyewe na mota."

"Alikuja kuomba amani."

"Angekuja na sentensi."

Ivyne alikunja uso, akakata uzi kwa meno. Kisha akasema polepole, "Na ukimmaliza, jina lako litasemwa na nani?"

Phoebe alirudi kwenye mashine yake. Lakini siku hiyo alichonga kimoja tu.

Mwezi wa tano ukaleta kadi. Shirika moja la kusaidia wazee lilikuwa limeamua kumpa Injinia Ndambuki tuzo, na likaalika baadhi ya wazee walionufaika na kishikio waje kushuhudia, chakula cha mchana kikiwepo, katika hoteli moja ya katikati ya jiji. Jina la Phoebe lilikuwa limepelekwa na mama wa kwaya kwa nia njema. Kadi ilisema: "Mwalikwa: Mzee Mnufaika." Phoebe aliisoma mara mbili. Akahesabu vipande vya barua vilivyobaki. Vilikuwa saba, na Injinia alikuwa sentimita thelathini, yaani rula ya shule. Akavifunga vile saba kwenye leso, akavaa gauni lake la zambarau, akaenda.

Aliketishwa meza ya tatu kutoka mbele. Injinia aliletwa na Mutiso kwenye kiganja cha mkono, akawekwa juu ya meza kuu, juu ya kitambaa cheupe, karibu na kipaza sauti kilicholazwa ubavu ili kimfikie. Suti ilimkaa vizuri. Ivyne alikuwa fundi. Bwana Wachira, mkurugenzi wa shirika, alizungumza kwa muda mrefu. Alisema ukubwa wa mtu hauko kwenye kimo. Watu wakapiga makofi. Cheti kililetwa ndani ya fremu ya mbao, JINA: INJINIA NDAMBUKI, MBUNIFU, na kwa kuwa fremu ilimzidi mara mbili, ilisimamishwa nyuma yake kama ukuta. Mbele yake kiliwekwa kishikio chenyewe. Kilimfika kiunoni.

"Nilichukua vipimo," Injinia alisema kwenye kipaza sauti, "kwa mkono huu." Akauinua mkono. Ulikuwa ukubwa wa ganda la njugu. Akaulaza kwenye bonde la kidole cha shahada, na bonde likaumeza mpaka kiwiko.

Ukumbi mzima uliona. Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya kwanza.

Mwandishi wa habari mmoja, Veronicah, msichana wa watu mwenye daftari na adabu, alisimama. "Injinia, meza ya tatu kuna mama mmoja wa Kangemi anasema kishikio ni chake. Amenieleza mpaka unga wa chapati. Mnajuana?"

Injinia alimtazama Phoebe kwa mbali. Phoebe alimtazama pia. Alikuwa ameifungua leso mapajani, na midomo yake ilikuwa ikiisema ile sentensi taratibu, bila sauti, kama mwalimu anayemsaidia mtoto kwenye jukwaa.

"Mama huyo simjui," alisema Injinia. "Sijawahi kumwona, na jina lake silijui."

"Asante," alisema Veronicah, akaandika, akafunga daftari.

Bwana Wachira aliangalia saa. Alitangaza kwamba tuzo imekwisha kutolewa na hairudishwi tena, kwamba shirika limeagiza Vishikio vya Ndambuki elfu mbili, na kwamba chakula kiko tayari. Mutiso alitoka kwenda kuleta gari mlangoni. Wageni wakainuka na sahani. Mzee mmoja meza ya pili alifungua soda kwa kishikio na kumshukuru Mungu na Injinia, kwa mpangilio huo. Phoebe alibaki kwenye kiti chake. Alivihesabu vile vipande saba kwa kidole, akapata saba, akavihesabu tena.

Ndipo mgeni mmoja aliyekuwa akinyoosha mkono kuchukua sambusa alipolipiga birika la chai kwa kiwiko, pale meza kuu. Lililala ubavu. Chai ya maziwa, ya moto, ikatoka kwa wingi na kuanza kusafiri juu ya kitambaa cheupe kuelekea kwenye fremu. Injinia aliiona ikija. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa cheti. Aligeuka kushoto, kulikuwa na bakuli la sukari. Akageuka kulia, kulikuwa na ukingo wa meza, na chini yake sakafu ilikuwa mbali kama barabara ukiiangalia kutoka ghorofa ya nne. Chai ikafika kwenye viatu.

"Mama Chai!" alipiga kelele.

Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa. Akina mama watatu wa hoteli waliobeba mabirika waligeuka kwa pamoja.

"Chai ama kahawa?" aliuliza wa karibu.

"Si nyinyi!" Chai ilikuwa imepanda kwenye soksi mpaka vifundoni. "Yule! Wa gauni la zambarau! Phoebe! Phoebe Ajwang! Phoebe Ajwang wa Kangemi, kuja unitoe hapa!"

Spika nne za ukumbi zililibeba jina hilo, zikalipeleka mpaka jikoni na kulirudisha. Uma zilisimama. Veronicah alifungua daftari tena. Phoebe aliinuka bila haraka, akazunguka meza mbili, akaja akasimama mbele ya meza kuu, mikono nyuma.

Bwana Wachira, sahani yake ya pilau mkononi, aliinama karibu na kipaza sauti.

"Injinia," alisema kwa upole, "si umetuambia humjui huyu mama?"

"Simjui," alisema Injinia Ndambuki, chai ikiwa imempanda kwenye suruali mpaka magotini, na akamnyooshea Phoebe mikono yote miwili ambebe.